Wakubwa Wakisaini, Vita Imekwisha?

Mwezi huu hatuandiki habari za mitihani wala za madawati kama tulivyozoea. Tunataka kuwasimulia filamu za zamani tulizoonyesha darasani, na jinsi filamu hizo zilivyotufuata mpaka nyumbani.

Sisi ni walimu wa kujitolea wa sekondari. Karibu wote tumesomea hapa hapa kambini, na leo tunafundisha mbele ya ubao ule ule tulioutazama tukiwa wanafunzi. Somo la historia lina shida yake, maana kitabu ni kimoja na wanafunzi wanazidi sitini. Ukisema “Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945”, wanaandika, wanakariri, wanapata maksi, basi. Hakuna anayeuliza iliishaje.

Mwenzetu mmoja alipata kwenye flashi vipande vya filamu za habari za wakati ule. Tukaazima kompyuta ya kituo cha vijana, tukaziba madirisha kwa maturubai, tukatundika shuka jeupe ukutani. Betri ya sola ilituvumilia saa moja na nusu. Wanafunzi walijaa mpaka mlangoni, na wadogo wa shule ya msingi wakachungulia kwenye matundu ya ukuta.

Kipande cha kwanza kilipigwa na Wajapani wenyewe, Singapore, tarehe 15 Februari 1942. Wanaonekana maofisa wachache wa Kiingereza wakitembea barabarani, mmoja amebeba bendera nyeupe, mwingine amebeba bendera ya Uingereza. Kati yao kuna mtu mrefu, mwembamba, amevaa kaptula na kofia ya chuma. Huyo ni Jenerali Arthur Percival. Anakwenda kwenye kiwanda cha magari ya Ford, eneo la Bukit Timah, kusalimu amri mbele ya Jenerali Tomoyuki Yamashita wa Japani. Mezani Yamashita ni mtu mnene, amekaa kama mwenye nyumba, na anataka jibu moja tu: ndiyo au hapana. Siku ile askari wapatao 80,000, Waingereza, Wahindi na Waaustralia, wakawa mateka. Na Yamashita alikuwa na askari wachache kuliko wale aliowakamata.

Wanafunzi walicheka ile kaptula. Tukawaambia, subirini, huyu mtu mtamwona tena.

Kipande cha pili ni cha tarehe 2 Septemba 1945, kwenye ghuba ya Tokyo, juu ya manowari ya Kimarekani iitwayo Missouri. Mabaharia wamejaa kila mahali, wengine wameketi juu ya mizinga huku miguu inaning'inia, kama watoto wetu wanavyopanda miembe siku ya mpira. Katikati kuna meza yenye kitambaa cha kijani. Meza yenyewe ilikuwa ya kulia chakula cha mabaharia. Ile nzuri iliyoletwa kwa ajili ya shughuli ilionekana ndogo, hati hazikuenea, ikabidi wachukue ya jikoni. Hapo mama mmoja mpishi wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa sauti, “Kumbe hata amani inaazima meza!” Darasa zima likacheka.

Wajapani walikuja watu kumi na mmoja. Wa mbele ni waziri wa mambo ya nje, Mamoru Shigemitsu, amevaa kofia ndefu nyeusi na anatembea kwa fimbo. Mguu wake mmoja ulikuwa wa bandia, kwa sababu aliupoteza kwa bomu kule Shanghai mwaka 1932. Anapanda kwa shida, watu wote wanamtazama. Anaketi, anashika karatasi, anasita, mpaka ofisa wa Kimarekani anakuja kumwonyesha mahali pa kusaini. Baada yake anasaini Jenerali Yoshijiro Umezu kwa niaba ya jeshi. Yeye hata haketi, anainama na kusaini akiwa amesimama.

Halafu anakuja Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani kupokea kusalimu amri kule. Nyuma yake wamesimama watu wawili wamekonda, nguo zinawapwaya. Mmoja ni Jenerali Jonathan Wainwright, Mmarekani aliyesalimu amri kwenye kisiwa cha Corregidor, Ufilipino, Mei 1942. Wa pili ni yule yule Percival wa kaptula. Wote wawili walikuwa wametoka kifungoni Manchuria siku chache tu nyuma, baada ya miaka zaidi ya mitatu. MacArthur alisaini kwa kalamu kadhaa, ya kwanza akampa Wainwright, ya pili akampa Percival.

Wakafuata wawakilishi wa nchi tisa: Marekani, China, Uingereza, Urusi ya Kisovieti, Australia, Kanada, Ufaransa, Uholanzi na New Zealand. Mwakilishi wa Kanada alikosea mstari kwenye nakala ya Wajapani. Alisaini mstari wa chini, na waliomfuata wote wakasogea chini. Ikabidi ofisa akate kwa kalamu na kuandika upya majina ya nchi. Wanafunzi wetu, ambao kila siku tunawagombeza kwa kuruka mistari, walifurahi sana kusikia habari hiyo.

Shughuli yote ilichukua dakika 23. Vita iliyoua mamilioni ilifungwa kwa muda ambao ni mfupi kuliko kipindi kimoja cha hesabu.

Kipande cha tatu ni cha kesho yake, tarehe 3 Septemba 1945, mji wa Baguio, Ufilipino. Safari hii anayeletwa mezani ni Yamashita. Amekonda, si yule mnene wa Singapore. Na upande wa washindi amekaa nani? Percival! Hapo darasa lilinyamaza kabisa. Wahenga walisema dunia duara. Yamashita akafunguliwa kesi Manila, akahukumiwa kwa sababu hakuwazuia askari wake waliowaua raia, na tarehe 23 Februari 1946 akanyongwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa rufaa yake, ingawa majaji wawili walipinga wakisema kesi haikuwa ya haki. Tuliwaeleza wanafunzi kwamba mpaka leo wanasheria wanabishana juu ya hukumu ile: je, kamanda anabeba dhambi za askari wake hata kama hakutoa amri?

Tulidhani kipindi kimekwisha. Tukauliza kama kuna swali. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, alinyoosha mkono. “Mwalimu, mbona bamama na batoto habaonekane? Vita ilikuwa ya hawa bazee peke yao?”

Tuliangaliana sisi walimu. Kwa kweli katika vipande vyote vitatu hakuna mama hata mmoja mezani, hakuna mtoto, hakuna mtu mwenye godoro kichwani. Ni makamanda, kalamu na wapiga picha. Tukamjibu kwamba wapo, ila kamera haikugeuzwa upande wao. Manila peke yake, Februari 1945, inakadiriwa raia 100,000 walikufa. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9 Agosti, na waliokuwa ndani ya miji hiyo ni watu wa kawaida, wanafunzi, wauguzi, akina mama sokoni.

Mvulana mwingine akadakia, “Na sisi Waafrika, tulikuwa wapi?” Hilo nalo tulilijibu. Askari kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipigana Burma dhidi ya Wajapani mwaka 1944, wakipewa amri kwa Kiswahili hiki hiki tunachoandika. Wakongo walikuwa na hospitali yao ya kijeshi iliyofika mpaka huko huko Burma. Na jiwe la urani lililotengenezea bomu la Hiroshima, sehemu kubwa lilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini kwetu. Mikono ya watu wetu ililibeba jiwe lile bila kujua linakwenda kufanya nini. Lakini kwenye meza ya kitambaa cha kijani, hakuna aliyeitwa kutoka kwetu. Mvulana akakaa chini akasema, “Kumbe ni zamani.” Alimaanisha kwamba jambo hili halikuanza jana.

Habari za kambini hazikai. Siku ya pili wazazi wakatuuliza, kwa nini watoto wanaona sinema na sisi hatuoni? Tukaonyesha tena, Jumamosi jioni. Alikuja mzee mmoja aliyewahi kuwa askari enzi za Zaire, akakaa mbele kabisa na fimbo yake. Tulipofika kwenye Missouri, alisema jambo ambalo tuliliandika kwenye daftari: “Karatasi ya wakubwa inasafiri kwa ndege. Lakini kijijini inafika kwa miguu, na njiani inaweza kuuawa.”

Tulimwambia mzee kwamba historia inamuunga mkono. Kulikuwa na luteni wa Kijapani, Hiroo Onoda, aliyeachwa kwenye kisiwa cha Lubang, Ufilipino. Hakuamini kwamba vita imekwisha. Walimdondoshea karatasi kwa ndege, akasema ni mtego. Alikaa msituni mpaka Machi 1974, zaidi ya miaka 28 baada ya ile meza ya Missouri. Ikabidi mkubwa wake wa zamani, ambaye alikuwa amekwisha acha jeshi, asafiri mpaka kule kumsomea amri ya kuacha vita. Na katika miaka ile yote, wakulima wa kisiwa walikuwa wakiuawa na yeye na wenzake, katika vita ambayo dunia nzima ilijua imekwisha. Mzee akatikisa kichwa. “Sasa mnaelewa,” akasema.

Na Waburundi waliokuwepo walielewa upesi kuliko wote. Mkataba wao ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya marais wa nchi nyingi. Lakini risasi hazikunyamaza, ikabidi mikataba mingine isainiwe Dar es Salaam mwaka 2003 na mwaka 2006.

Sasa ndugu wasomaji, tunafika kwenye jambo ambalo tulisita kuliandika. Tumeliandika kwa ruhusa ya mama yetu.

Mama naye alikuja Jumamosi ile. Alikaa pembeni, mtoto wa jirani mapajani. Hakucheka ya meza wala ya mstari. Kwenye kipande cha Missouri alinyoosha kidole, akauliza, “Yule mwembamba wa nyuma, alikuwa wapi?” Tukamjibu, “Alikuwa mateka, Mama. Miaka mitatu na nusu.” Akauliza, “Na akarudi?” Tukasema, “Alirudi.” Akanyamaza mpaka mwisho.

Mnaotufahamu mnajua kwamba kwetu Baba hayupo. Aprili 2003, sisi watoto wake tukiwa wadogo, mkubwa wetu hajatimiza miaka sita, redio ilitangaza kwamba wakubwa wa Kongo wamesaini kule Sun City, Afrika Kusini. Siku ile kambi ilipiga vigelegele, watu walipika walichokuwa nacho wakakaribishana. Baba alisema, “Wamesaini. Naenda kuangalia shamba, nitarudi kabla ya mvua.” Akavuka ziwa na wenzake wawili, kuelekea Fizi. Alichukua baiskeli, jembe moja na shati lake la kanisani. Mvua ikaja. Wale wenzake wawili pia hawakurudi.

Tangu hapo, nyumbani kwetu neno “wamesaini” halitamkwi hovyo. Kila mara redio ilipotangaza mkataba mpya, Mama alizima au alitoka nje kuchambua maharage. Watu wa Msalaba Mwekundu wanaopokea majina ya waliopotezana walifika kijijini kwetu mara nyingi. Mama hakuandikisha jina la Baba hata mara moja. Alikuwa akisema, “Anayetafutwa ni aliyepotea. Baba yenu hakupotea, alikwenda shamba.” Sisi tulikua tukijua kwamba jambo hilo haligusiki, tukaliacha.

Usiku ule baada ya filamu, Mama hakulala. Tulisikia anakoroga moto. Asubuhi, wakati tunakunywa uji, akasema, “Kumbe mtu anaweza kurudi amekonda, akasimama nyuma ya watu, na ukamjua.”

Tulishikwa na hofu, ndugu zetu. Tuliona tumemfanyia ubaya. Tulikuwa tumechukua filamu ile kufundisha tarehe na majina, na pengine kuwaonyesha watu wasidanganywe na picha ya wakubwa wakipeana mikono. Yeye alichukua kitu kingine kabisa, alichukua matumaini. Na miaka mitatu na nusu si sawa na miaka zaidi ya ishirini. Mmoja wetu alitaka kumwambia hivyo. Mwingine akamkanyaga mguu chini ya meza.

Lakini Mama si mtoto. Aliendelea, “Najua mnavyofikiri. Mimi sisemi yuko hai. Nasema yule mwembamba alikuwa kwenye orodha ya mtu. Ndiyo maana walimpata. Baba yenu hayuko kwenye orodha yoyote, na aliyekataa ni mimi.”

Hapo ndipo tulipoona kwamba kati yetu wote waliotazama, yeye ndiye aliyeelewa somo. Sisi tulitazama meza na kalamu. Yeye alitazama nyuma ya meza, akajiuliza wale wawili walifikaje pale.

Jumanne iliyofuata tulimsindikiza. Alivaa kitenge chake cha Pasaka. Kijana aliyekuwa anaandika alimuuliza taratibu: jina la Baba, jina la baba yake na mama yake, mahali alipozaliwa, alama mwilini, siku ya mwisho kuonekana, alivaa nini, alikuwa na nani. Mama alijibu yote bila kusita, mpaka rangi ya baiskeli, mpaka kovu la kidole gumba. Mambo mengine sisi wenyewe tulikuwa hatuyajui. Kwa nusu saa tulikuwa na baba, ndugu wasomaji, kuliko tulivyowahi kuwa naye tangu tukiwa wadogo.

Alipopewa kalamu asaini, aliandika jina lake chini ya mstari, siyo juu yake. Kijana akamwambia hakuna shida, akaweka alama pembeni. Mama akatugeukia, kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. “Kama yule wa Kanada,” akasema.

Jibu bado. Tunajua linaweza kuchelewa, na tunajua linaweza kuwa lile tusilolitaka. Lakini nyumbani kwetu kuna kitu kimelegea. Sasa Mama anataja jina la Baba wakati wa kula, na wajukuu wanauliza alikuwa mtu wa namna gani, naye anawaambia.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali la kichwa cha habari. Wakubwa wakisaini, vita imekwisha? Sisi walimu tunaona hivi. Tusidharau karatasi. Bila ile ya Missouri, Percival na Wainwright wasingesimama pale, na maelfu ya mateka wangefia kifungoni. Hata adui wa jana alipata nafasi ya kutengeneza. Shigemitsu yule wa mguu mmoja alihukumiwa miaka saba kwenye kesi ya Tokyo mwaka 1948, akaachiwa mwaka 1950, akarudi kuwa waziri wa mambo ya nje, na Desemba 1956 alikuwapo nchi yake ilipopokelewa Umoja wa Mataifa.

Lakini pia tusikimbie na karatasi mkononi kama Baba alivyofanya. Ukisikia wamesaini, uliza kwanza maswali ya chini. Je, askari wa kijiji chetu amesomewa amri, na nani? Barabara na ziwa vinapitika, na nani anasimama njiani? Shamba letu analima nani sasa, na yuko tayari kuongea? Shule na zahanati zina mlango? Nenda ukaongee na waliorudi wakaja kutembea, wasikilize wawili au watatu, siyo mmoja. Na usiondoke kimya kimya usiku. Acha jina lako kwa mtu, sema unapita wapi, na sema utafika lini.

Na kama kwako kuna jina ambalo halijaandikwa popote, kwa sababu kuliandika ni kama kulizika, tunakuelewa sana. Sisi tulikaa hivyo miaka zaidi ya ishirini. Hatukuamuru. Tunakwambia tu kwamba Mama aliliandika, na siku ile ile alirudi akapika, tukala.

Filamu tutaionyesha tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa kumi jioni, kama jua litaijaza betri. Njooni na viti vyenu, maana madawati hayatoshi. Mzee mwenye fimbo ameahidi kufika mapema.

Tunawatakia mwezi mwema, familia zote. Mungu awalinde walio mbali na walio karibu.